Kihispania Changu cha Mpaka Ishirini

Najua kuhesabu kwa Kihispania, kutoka moja mpaka ishirini, bila kukwama, na laiti ningekuwa sijui. Watu wengi wa rika langu waliofanya kazi bandarini wana maneno mawili matatu ya mabaharia, nao hupenda kuyatoa kwenye mazungumzo ili wachekwe kidogo. Mimi yangu siyatoi. Mjukuu wangu aliwahi kuniuliza kama najua lugha nyingine mbali na Kiswahili na Kiingereza changu cha kuungaunga, nikamwambia sijui. Huo nao ulikuwa uongo, lakini ni mdogo kuliko ule ninaotaka kuueleza hapa.

Enzi zile za Ujamaa nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, karani wa kuhesabu mizigo katika Bandari ya Dar es Salaam. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Meli ikishafunga gatini, winchi inashusha wavu wenye magunia, makuli wanaupokea, na pembeni wanasimama makarani wawili, mmoja wa meli na mmoja wa bandari. Kila mmoja anahesabu kwa sauti na kuchora vijistari kwenye daftari lake. Wavu ukiisha mnatazamana. Hesabu zikikubaliana, unashuka wavu mwingine. Zisipokubaliana, magunia yanapangwa upya na makuli wanakutukana mpaka bibi yako aliye kaburini. Karani anayekosea hesabu hapendwi na mtu. Mimi nilipendwa, kwa sababu nilikuwa sikosei.

Siku moja ikaja meli ya Kuba imebeba sukari. Karani wao alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya ukindu, hajui Kiingereza, hajui Kiswahili. Siku ya kwanza tuligombana kwa ishara kutwa nzima. Siku ya pili nikaona dawa yake ni kuhesabu kama anavyohesabu yeye. Kila wavu ulikuwa na magunia ishirini: uno, dos, tres, mpaka veinte, kisha tunaanza tena. Tulikwenda hivyo siku kumi na moja. Kufikia mwisho wa juma la kwanza nilikuwa namtangulia, na mzee akicheka, akinipiga begani na kuniambia mambo mengi ambayo sikuelewa hata moja. Ishirini na moja hatukuwahi kuifikia, maana hatukuwa na haja nayo. Meli ikaondoka, nami nikabaki na maneno yangu ishirini.

Nilikuwa nimepanga chumba Kariakoo, kwenye nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na ua nyuma. Pale kwenye kona ya mtaa palikuwa na benchi la muuza kahawa, na kila jioni wanaume tulikusanyika hapo. Wakati ule Kuba ilikuwa na jina mjini. Madaktari wao walikuwa wamekuja, walimu wao wamekuja, redio ikiwataja karibu kila siku. Sukari nayo ilikuwa ya foleni. Kijana anayetoka kuhesabu sukari ya Kuba kwa lugha ya Kuba hakosi wasikilizaji. Nikahesabu vikombe vya kahawa. Nikahesabu kete za drafti, za kwangu na za mwenzangu. Wazee wakafurahi, wakaniambia nirudie.

Mmoja wao akauliza, "Kwa hiyo unakiongea hasa?"

"Kidogo kidogo," nikajibu.

Hapa lazima niwe mkweli. Kwetu mtu akisema anajua kitu kidogo kidogo, wanaomsikiliza huongeza wenyewe. Fundi hodari husema anajaribujaribu. Mpishi wa harusi ya watu mia tano husema anapikapika tu. Ni adabu, kila mtu anaielewa, na mimi niliielewa kuliko wote. Ningesema "najua namba tu" ningekuwa nimesema kweli. Nilisema kidogo kidogo kwa makusudi, nikaona macho yao yanavyoongeza, nikanywa kahawa yangu. Tangu siku ile mtaa mzima ukaniita Mkuba, na mimi nikavaa kilemba hicho cha ukoka miezi kadhaa bila hata kuona haya.

Chumba kilichotazamana na changu alikaa dada mmoja kutoka upande wa Lindi, mjane, umri wake thelathini na kitu. Alikuwa akikaanga vitumbua alfajiri na kuuza mlangoni. Alikuwa na binti wa miaka saba ambaye mguu wake wa kushoto ulipooza kwa homa akiwa mdogo; goti likajikunja na halikunyooka tena. Mtoto alitembea kwa kurukaruka huku ameshika ukuta, au alibebwa. Mwenyewe aliniita mjomba. Mwaka niliougua malaria mpaka nikaanza kuweweseka, ni huyu dada aliyenipikia uji siku tano na kunifulia mashuka. Kwangu alikuwa zaidi ya jirani.

Tena alikuwa mwanafunzi. Kila alasiri alijifunga kanga nyingine, akachukua daftari lake na kwenda kisomo cha watu wazima kwenye ofisi ya tawi. Herufi zilikuwa zikimpa taabu, lakini tarakimu alizishika upesi, na akishazishika hakunyamaza. Tukitembea pamoja alisoma namba za milango. "Mdogo wangu, hebu subiri. Mia moja... arobaini na saba! Nimepata?" Amepata. Alicheka peke yake njiani kama mtu aliyeokota kitu. Sijui kama nimewahi kuona mtu mzima anafurahi namna ile kwa jambo lisilomletea chakula.

Basi ikasikika kuwa hospitali kubwa ya mjini imepata daktari wa mifupa kutoka Kuba, mwanamke, anayenyoosha miguu ya watoto waliopooza. Dada akampeleka binti yake kuandikishwa. Aliporudi alinikuta uani naosha miguu.

"Mdogo wangu, nina shida na wewe," akasema. "Keshokutwa daktari anamwona mtoto. Wana mkalimani mmoja tu hospitali nzima, na yeye kalala, malaria. Nesi kaniambia mwenye mtu wake anayejua lugha aje naye. Nikamwambia mimi ninaye, tena nyumba moja."

Nafasi ya kukataa ilikuwa pale. Ilikuwa pana, mlango wazi. Ningesema, dada, mimi najua kuhesabu magunia tu. Angecheka, angeniita mwongo, angetafuta mtu mwingine, na mpaka leo ningekuwa natembea nimeinua kichwa.

"Hilo dogo, dada," nikasema.

Tulikwenda. Nesi alitueleza utaratibu kwa Kiswahili kizuri kabla hatujaingia. Daktari atamkagua mtoto. Akiona mguu unafaa, mtoto ataletwa tena Jumanne kulazwa, Jumatano asubuhi atapasuliwa, mishipa ya nyuma ya goti ilegezwe na mguu unyooshwe. Jumanne hiyo ndiyo ya mwisho, maana daktari anakwenda mikoani na akitoka huko anarudi kwao. Vitanda ni vichache. Kila mtoto atapewa saa yake, na saa ataitaja daktari mwenyewe. Nesi akagonga muhuri wa siku kwenye kadi, akaacha nafasi ya saa, akatufungulia mlango.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye mvi na saa kubwa ya kiume mkononi. Alimlaza mtoto, akaushika mguu, akaukunja na kuuvuta taratibu, akasema naye kwa sauti ya kubembeleza. Kisha akanigeukia mimi. Akaongea. Mungu wangu, jinsi alivyoongea. Yalikuja maneno kama mvua ya masika na mimi sina hata jani la mgomba la kujifunika. Nikaitikia kwa kichwa. Nikasema "sí," ndiyo yao, niliyoiokota kwa yule mzee wa sukari. Dada alikuwa akinitazama mimi, si daktari.

"Anasemaje?"

"Anasema mtoto ni mzuri," nikasema. "Mguu unafaa."

Kwa bahati hilo lilikuwa kweli, kwa sababu daktari aliandika jina la mtoto kwenye orodha na kumpapasa shavu. Halafu akaigonga saa yake kwa kidole, akaninyooshea vidole kumi, akasema sentensi ambayo ndani yake nilisikia neno ninalolijua. Diez. Kumi! Nawaambia, moyo uliruka. Katika mafuriko yale yote nilikuwa nimeshika kitu. Nikarudia kwa nguvu, "Diez!" na daktari akatabasamu, akasema sí, diez, na dada naye akatabasamu kwa kuona tumeelewana. Nikachukua kadi, nikatoa kalamu yangu ya ukarani na kuandika kwa mwandiko mzuri: SAA 10.

Mtu asiyeijua bandari anaweza kunionea huruma hapa. Asinionee. Wageni wanaanza kuhesabu saa usiku wa manane na sisi tunaanza jua linapotoka, kila mtoto wa mjini anajua. Kumi yao ni saa nne yetu ya asubuhi. Mimi kila siku ya Mungu kazini nilikuwa nabadilisha saa za meli kuwa saa za makuli, nikitoa sita, nikiongeza sita, bila hata kufikiri. Ningekuwa gatini ningeandika saa nne nikiwa nimefumba macho. Lakini pale sikuwa karani, nilikuwa Mkuba, na furaha ya kulitambua neno moja ilinifanya nisahau kazi niliyokuwa nalipwa kuifanya.

Nje dada alichukua kadi akaisoma mwenyewe. "Saa... kumi. Jumanne saa kumi," akasema. "Hata mkalimani simhitaji." Binti yake mgongoni akapiga makofi.

Jumanne ile niliomba ruhusa kwa msimamizi, nikawakuta hospitali saa tisa na nusu alasiri. Mtoto alikuwa amesukwa nywele na kuvalishwa gauni jipya la kitambaa cha maua. Dada alikuwa na kikapu: shuka, kikombe, sabuni, vitumbua vya kumpa daktari. Tukaenda dirishani. Nesi alikuwa mwingine, mwenye umri, mkali. Akaangalia orodha yake na kisha akatuangalia sisi.

"Nyie ndio mnakuja sasa hivi?"

"Shikamoo," dada akasema. "Tumewahi kidogo."

"Mmewahi! Daktari kawasubiri tangu saa nne asubuhi mpaka saa sita. Saa mbili nzima anauliza mtoto yuko wapi. Kitanda kapewa mtoto mwingine."

Dada hakuelewa. Alitoa kadi, akaiweka dirishani na kuweka kidole chini ya maandishi. "Hapa imeandikwa saa kumi. Nimesoma mimi mwenyewe."

Nesi akaichukua, akaitazama, na sauti yake ikashuka. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi, kwamba alikuwa mtu mwema. "Nani kaandika hii?" akauliza. "Kama kosa ni letu, au la mkalimani, niambieni. Daktari yuko mjini mpaka kesho jioni. Nitampelekea ujumbe sasa hivi anakofikia, na daktari huyu hakatai mtoto. Atamwongeza. Lakini nataka kujua kosa ni la nani, siwezi kwenda kumsumbua mtu kwa uzembe."

Nilichotakiwa kusema ni maneno mawili. Nimeandika mimi. Nyuma yetu palikuwa na foleni, watu kumi au kumi na tano, na kati yao mzee mmoja wa benchi letu la kahawa aliyekuja kufungwa jeraha. Alikuwa ananitazama. Nami nikamwona akilini mwangu jioni ile kwenye kona, akiwasimulia wenzake jinsi Mkuba wao alivyokuwa hajui kitu.

Nikamgeukia dada. "Lakini dada," nikasema, kwa sauti ya upole, upole ule ndio unaonichoma, "si nilikwambia hiyo ni kumi ya Kizungu? Nilikwambia upunguze sita. Umesahau?"

Sikuwa nimemwambia lolote. Alinitazama. Kwa muda mfupi niliona anakumbuka vizuri kabisa, anapita maneno yetu yote ya siku ile moja moja na halioni hilo popote. Kisha nikaona anaacha kujiamini. Mimi nilikuwa nimesoma, yeye alikuwa na miezi minane ya kisomo. Mimi nilikuwa naongea na Wakuba.

"Labda nilisahau, mdogo wangu," akasema. Akamgeukia nesi. "Nisamehe, mama. Ni mimi. Ndiyo kwanza najifunza."

Nesi alivuta pumzi, akamrudishia kadi. "Ndiyo taabu ya hiki kisomo chenu," akasema. "Mnajua tarakimu, hamjui maana yake. Nenda, mama. Safari nyingine." Akaita anayefuata.

Safari nyingine haikuwepo. Tulirudi kwa miguu kupitia Mchafukoge, mimi nimembeba mtoto, maana niliomba nimbebe, dada na kikapu chake nyuma. Mtoto aliuliza kama daktari kakataa. Mama yake akamwambia hapana, mama ndiye aliyekosea. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu siku ile ilikuwa ndefu mpaka nikaona hatufiki Kariakoo. Kila mtaa nilijiambia, tukifika pale kona nitasema, daktari bado yupo, kesho jioni ni mbali. Tukaipita kona ile na nyingine. Tulipofika alinishukuru kwa usumbufu na kunipa vile vitumbua vya daktari. Nilivila. Sina la kujitetea, nilikuwa na njaa na nilivila.

Hakwenda tena kisomo. Mwalimu alikuja kumuulizia mara mbili, balozi wetu wa nyumba kumi naye akaja kumsema, kwamba taifa zima linajifunza. Alijibu kwamba kichwa chake ni kizito. Namba za milango aliacha kuzisoma. Ikija barua au karatasi ya foleni ya unga aliniletea mimi nimsomee, na mimi nikamsomea, mwaka mzima, nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake. Halafu wakahamia Magomeni kwa ndugu yake, nami nikashukuru Mungu kimoyomoyo kwamba sitamwona tena mtoto akirukaruka ukumbini.

Nilipata habari ya kifo cha dada miaka mingi baadaye, nimeshastaafu. Sikwenda mazishini. Nilingoja miezi mitatu, kisha asubuhi moja nikaenda Magomeni, nikaulizia, nikamkuta yule binti, mwanamke mzima mwenye mvi mbili tatu, anashona nguo kibarazani kwa cherehani ya mkono kwa sababu ile ya kukanyaga haiwezi. Alinitambua. "Shikamoo mjomba," akasema, akaniletea kiti, yeye mwenyewe, kwa mkongojo wake. Nikamweleza yote bila kupunguza: kadi, nesi, mzee wa kahawa, kumi ya Kizungu. Alisikiliza bila kunikatiza, kipande cha nguo kikiwa chini ya sindano.

"Mguu huu nimekua nao, mjomba," akasema nilipomaliza. "Hakuna ajuaye huyo daktari angeuweza au asingeuweza. Hilo nakuachia."

Nikaanza kumshukuru. Akainua mkono kunizuia.

"Mama aliugua miezi minne. Kila nikimgeuza kitandani alikuwa ananitaka radhi. Mwanangu nisamehe, ujinga wangu ndio uliokula mguu wako. Nikamwambia nimekusamehe, mama. Kila siku alitaka kusikia, na kila siku nikamwambia nimekusamehe, mpaka akakata roho." Aliitazama ile nguo. "Nilitakiwa kumwambia hana kosa. Sasa nikamwambie wapi?"

Alishika mkono wa cherehani akaendelea kushona, na mimi nikakaa palepale nikingoja anifukuze, na hakunifukuza.